Mtoto Anayeishi na Mirija, Mashine na Dawa: Namna ya Kumpatia Mlezi wa Nyumbani

Binti yangu analishwa kwa mrija wa tumboni na ana kifafa. Miaka yake minne ya kwanza sikumwachia mtu hata kwa saa moja. Watu walikuwepo, ila sikujua nitamkabidhije mtu kazi ambayo mimi mwenyewe niliifanya kwa mazoea tu, bila maandishi wala mpangilio. Tangu hapo wamepita kwetu walezi watano, na wawili walidumu. Niliyojifunza kwa hao watano nayaweka hapa.

Jambo moja nilitangulize, maana mengine yote yanaegemea hapo. Kulisha kwa mrija au kupima dawa ni ufundi unaofundishika kwa wiki mbili tatu. Kilicho kigumu kumfundisha mtu mzima ni kusema "sijui", na kusema "nimekosea" papo hapo. Tafuta hicho kwanza.

Hatua ya 1: Andika siku nzima ya mtoto kabla hujamwambia mtu una kazi

Chukua daftari, tembea nalo siku tatu. Kila mkono wako unapomgusa mtoto, andika saa na ulichofanya. Usiandike "nimemlisha". Andika kwamba ulinawa, ukaangalia kama mrija umekaa pale pale ulipokuwa jana, ukamwinua kichwa na kifua, ukapima maziwa, ukasukuma maji kidogo kusafisha mrija, ukakaa naye nusu saa ili asitapike. Andika na usiku. Mimi niligundua kwamba naamka mara nne kila usiku, na kwamba muda wote wa mchana sikio langu moja liko kwenye pumzi yake, hata nikiwa naongea na mgeni. Hiyo nayo ni kazi, na mtu atakayekuja lazima aijue.

Ukimaliza, gawa uliyoandika katika mafungu matatu. La kwanza ni kazi za mlezi yeyote mwenye upendo: kuoga, nepi, kucheza, kumtoa nje. La pili ni kazi ambazo mtu asiye muuguzi anaweza kufundishwa, kama dawa za mdomo, mrija wa tumboni, kupima sukari kwa tone la damu, kumgeuza asipate vidonda vya kulalia. La tatu ni zile za mwenye taaluma: dawa za mshipani, mashine ya kupumulia, mrija wa kupumulia wa shingoni.

Mipaka ya mafungu hayo usiichore peke yako. Nenda na daftari kwa daktari anayemtibu mtoto, umuulize: "Katika hizi, zipi naruhusiwa kumfundisha mtu wa kawaida, na zipi ni lazima muuguzi?" Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na hali ya mtoto hubadili jibu. Kwa mtoto mwenye mrija wa shingoni, usikubali mlezi wa usiku anayelala. Mara nyingi mtoto huyo hawezi kulia kwa sauti, na mrija ukiziba hakuna atakayesikia. Anahitaji mtu aliye macho usiku kucha, mwenye mrija wa akiba wa saizi ile ile na mwingine mdogo kwa saizi moja, vyote mahali anapovifikia bila kusimama.

Fungu la tatu likiwa refu, unatafuta muuguzi, na afadhali ujue mapema. Likiwa tupu au fupi, mlango wako ni mpana kuliko ulivyodhani.

Hatua ya 2: Tafuta kwa watu wanaowaona watoto kama wako

Waulize wauguzi wa wodi mnayolazwa. Waulize wataalamu wa mazoezi ya viungo. Hawa huona kila siku jinsi watu wanavyomshika mtoto, na wanajua ni mlezi gani anayembeba kwa uangalifu na yupi anayemvuta mkono. Waulize wazazi mnaokaa nao kwenye benchi la kliniki, maana mtoto wa mmoja akianza shule mlezi wake hubaki bila kazi. Wanafunzi wa uuguzi wanaotaka saa chache, wauguzi wastaafu, na ndugu wa karibu aliye tayari kufundishwa na kulipwa, wote hao wahesabu. Ukipitia kampuni inayosambaza walezi, uliza maswali matatu tu: nani aliwafundisha, akiugua nani anakuja badala yake, na likitokea jambo nani anawajibika. Majibu ya kuzungukazunguka yatoshe kukufanya uachane nao.

Tangazo liseme kweli. Wazazi wengi hupunguza makali kwa kuogopa kuwakimbiza watu, na matokeo yake mtu anakuja, anaona mrija, anaondoka siku ya tatu. La kwangu lilikuwa hivi: "Natafuta mlezi wa mtoto wa miaka 6, mchana, siku tano kwa wiki. Mtoto hatembei, hazungumzi kwa maneno, analishwa kwa mrija wa tumboni na ana kifafa. Ana kilo 17 na atahitaji kuinuliwa. Anapenda muziki na maji. Uzoefu si lazima. Mafunzo yapo, na siku za mafunzo zinalipwa." Wachache walijibu, ila kila aliyejibu alikuwa amekwisha kuamua kwamba anaweza. Picha ya mtoto, mahali mnapoishi na saa ambazo nyumba huwa haina mtu mzima visiwemo.

Hatua ya 3: Simu, kisha ana kwa ana, mtoto akiwepo

Simu ni ya kuchuja. Eleza hali ya mtoto kwa dakika tano, kisha nyamaza. Anayeuliza juu ya mtoto, muite. Kuuliza mshahara si kosa, ni haki yake. Ila awe ameuliza na juu ya mtoto.

Akija, acha kidogo maswali ya vyeti. Mmoja wa walioitwa kwangu alitandaza vyeti vinne mezani na kuvieleza kimoja kimoja, binti yangu akiwa amelala kwenye godoro hatua mbili kutoka alipokaa. Hakumwangalia. Aliyemfuata aliuliza maji ya kunawa yako wapi, akapiga magoti upande ambao mtoto anaona, akamtajia jina lake, akasubiri. Binti yangu huchukua muda kujibu, karibu nusu dakika, halafu hukunja vidole vya mguu. Yule dada alisubiri mpaka vidole vikakunjwa, akasema, "Kumbe unajibu kwa miguu." Nilikuwa nimewaambia madaktari jambo hilo mara nyingi kabla hawajaliona.

Kisha mpe hali ya kufikiria. "Mtoto ameanza degedege, maziwa bado yanaingia kwenye mrija, na mimi sipokei simu. Utaanza na nini?" Jibu kamili ni kusimamisha maziwa, kumlaza kwa ubavu, kuangalia saa, kutomtia kitu chochote mdomoni wala kumbana viungo, na kukaa naye. Hutarajii asiye muuguzi alijue lote. Sikiliza tu kama anasema "hilo sijui, ningependa unifundishe", au anabuni. Anayejua kila kitu mimi huniogopesha. Na ombi lingine ambalo sasa silikosi: "Nieleze siku uliyokosea kazini." Aliyewahi kutunza watoto akasema hajawahi kukosea, ama hajawatunza sana, ama huficha.

Baadaye wapigie wawili waliowahi kufanya naye kazi. Barua haitoshi. Waulize, "Kesho ungemrudisha kwako?" Ukimya kabla ya jibu nao ni jibu. Ona kitambulisho chake, na pale ambapo polisi hutoa hati ya tabia njema, iombe. Uliza juu ya chanjo zake. Kama ana kikohozi cha wiki mbili au zaidi, apimwe kifua kikuu kabla ya kuanza. Kwa mtoto ambaye kinga yake ya mwili ni dhaifu, hili halina mjadala.

Hatua ya 4: Karatasi moja ya ukutani na daftari moja la meza

Karatasi ya ukutani ni ya dharura, na isizidi ukurasa mmoja kwa maandishi makubwa. Iwe na jina la mtoto, uzito wake, magonjwa yake, dawa zinazomdhuru, namba za kupiga kwa mpangilio, na maneno ya kumwambia anayepokea simu ya dharura, pamoja na maelekezo ya kufika nyumbani. Andika mpaka wa kila hatari kwa tarakimu, maana mtu akiogopa hawezi kupima "sana" na "kidogo". Degedege likifika dakika 5, apewe dawa ya dharura aliyoandikiwa na gari la wagonjwa liitwe. Mtoto anayetumia dawa za saratani akifika nyuzi 38, ni hospitali, hata kama anacheza. Mtoto mwenye kisukari sukari yake ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, apewe sukari ya haraka na apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa hana fahamu asipewe kitu mdomoni. Mipaka ya mtoto wako aiandike daktari wake na aitie sahihi. Sahihi hiyo inamlinda mlezi pia.

Chini ya mipaka andika kawaida yake. Mtoto wangu hukoroma akiwa mzima kabisa, na macho yake hupanda juu akiwa na usingizi. Asiyejua hayo atakimbilia hospitali kila mchana. Na anayejua tu kwamba "yeye ndivyo alivyo" atapitwa na degedege lenyewe. Piga video fupi za vyote viwili, kawaida na degedege, uzihifadhi kwenye simu yako umwonyeshe.

Dawa ndizo zenye mtego. Miligramu si mililita. Dawa moja ya maji inaweza kuuzwa kwa nguvu mbili, moja ikiwa na miligramu 50 kila mililita 5 na nyingine miligramu 100, na chupa zinafanana. Ukibadilishiwa chupa dukani ukapewa yenye nguvu zaidi, mkaendelea na kipimo kile kile, mtoto amepata dozi maradufu. Kwa hiyo andika miligramu, nguvu ya dawa na mililita, zote tatu, na kila chupa mpya isomwe na watu wawili kabla ya kufunguliwa. Tumieni bomba la sindano lisilo na sindano, lisomwe likiwa usawa wa jicho. Kijiko cha jikoni kisitumike. Sisi tumebandika utepe mdogo kwenye bomba pale kipimo kinapoishia, rangi moja kwa kila dawa.

Hatua ya 5: Mfundishe kwa ngazi, usimruke ngazi hata moja

Ngazi ni nne: anaangalia wewe ukifanya, mnafanya pamoja, anafanya wewe ukiangalia bila kusema neno, anafanya wewe ukiwa chumba cha pili. Kazi moja kwa wakati. Mlisho ukifika ngazi ya nne ndipo dawa zianze ya kwanza. Hesabu wiki mbili kwa uchache, na zilipwe. Ngazi ya tatu ndiyo inayowashinda wazazi, mimi nikiwa wa kwanza, kwa sababu mkono wa mtu mwingine ukichelewa kidogo tu, wako umekwisha kunyooka. Kalia mikono yako kama itabidi.

Muombe muuguzi wa hospitali amfundishe yeye mwenyewe walau mara moja, wewe ukiwa pembeni. Wazazi hukusanya njia za mkato, na tunazirithisha bila kujua. Kwa mrija wa puani, kwa mfano, kuna wanaopuliza hewa na kusikiliza tumbo ili kujua kama umekaa sawa. Njia hiyo haiaminiki. Njia ya kawaida nyumbani ni kuvuta majimaji kidogo kabla ya kila mlisho na kuyapima kwa karatasi ya kupimia asidi (pH): 5.5 au chini huonyesha tumbo, ikizidi hapo asilishwe mpaka ijulikane mrija uko wapi. Mrija wa tumboni nao ukichomoka, tundu linaweza kuanza kujifunga ndani ya saa chache. Ajue tangu siku ya kwanza kwamba hilo halisubiri jioni. Na kama nyumbani kuna oksijeni, kusiwe na moto wala sigara karibu, na mtoto asipakwe mafuta ya mgando puani wala usoni; aulize hospitali mafuta yaliyotengenezwa kwa maji.

Kozi ya huduma ya kwanza na ya kumfufua mtoto aliyeacha kupumua aichukue, na wewe uichukue naye. Migandamizo 30 kwa pumzi 2, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika: mambo haya hayakai kichwani, hukaa mikononi.

Halafu fanyeni mazoezi ya ghafla. Mimi humwekea mwanasesere kitandani, nabonyeza saa na kusema, "Ameanza." Mara ya kwanza dada wetu alikimbilia simu, akaiacha pampu ya maziwa ikiendelea. Mara ya pili aliizima pampu lakini akasahau kuangalia saa. Mara ya nne alifanya yote kimya kimya, akiniambia dakika kila ilipopita: "Moja... mbili..." Wiki chache baadaye ilitokea kweli. Nilikuwa safarini kurudi nyumbani, na sauti niliyoisikia kwenye simu ilikuwa ile ile ya mazoezi.

Kumwachia nako ni kwa ngazi. Robo saa ukiwa nje ya mlango. Saa moja ukiwa karibu. Nusu siku. Usianzie na siku nzima hata kama kazini wanakusukuma.

Hatua ya 6: Mkubaliane kwa maandishi, na kazi za nyumba mzitenge

Hapa ndipo tulipopoteza mlezi mzuri. Tuliandika "kumlea mtoto na kusaidia nyumbani", na kila wiki "kusaidia" kukaongezeka. Alikuwa nyuma anafua nguo za watu watano wakati kengele ya mashine ilipolia. Aliisikia kwa kuchelewa, mtoto akapona, ila yeye hakurudi wiki iliyofuata, na sikumlaumu. Mlezi wa mtoto wa namna hii hafui nguo za nyumba nzima. Vyombo vya mtoto, nguo za mtoto, chumba cha mtoto, basi. Kama una uwezo wa mtu mmoja tu, chagua vumbi libaki.

Andikeni saa za kazi, siku za mapumziko, malipo, na kama zamu ya usiku ni ya kukaa macho au ya kulala karibu, maana hizo ni kazi mbili tofauti. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unawapa wafanyakazi wa nyumbani mapumziko yasiyopungua saa 24 mfululizo kila wiki. Mlezi aliyechoka hukosea dozi, kwa hiyo mapumziko yake ni sehemu ya matibabu ya mtoto. Andikeni pia jambo ambalo wengi hulisahau: mtoto akilazwa wiki tatu, mlezi analipwa au halipwi? Ukimkatia malipo kila mnapolazwa, atatafuta kazi kwingine, na mtarudi nyumbani na mtoto dhaifu bila mtu. Ongezeni kwamba picha za mtoto hazirushwi mtandaoni, na kwamba mtoto akizidi uzito fulani atainuliwa na watu wawili. Mgongo wa mlezi ukiharibika umeharibika.

Hatua ya 7: Daftari la zamu

Kila dawa, mlisho, degedege, nepi na joto huandikwa pale pale, na anayekabidhi zamu huusoma ukurasa kwa sauti kwa anayepokea. Mlezi wetu wa nne aliwahi kumpa mtoto dawa ya asubuhi ambayo mimi nilikwisha kumpa. Sikuwa nimeandika. Aligundua alipoona bomba lenye maji kwenye sinki, akanipigia sijafika mbali: "Mama, nadhani amepata mara mbili. Nimekosea, au tumekosea." Tukampigia daktari, akatuambia cha kuangalia kwenye pumzi na uchangamfu wake, na mtoto alilala mpaka saa kumi bila madhara. Jioni hiyo nilimshukuru kabla ya kusema lolote lingine. Ukimkaripia anayesema kweli, lile la pili hutalisikia. Tangu siku hiyo chupa haifungwi mpaka jina la aliyetoa liwe kwenye daftari.

Hatua ya 8: Mlinde mtoto asiyeweza kusema

Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2012 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores yalionyesha kuwa watoto wenye ulemavu wako katika uwezekano wa mara 3.7 zaidi wa kufanyiwa ukatili kuliko wasio na ulemavu. Sisemi hivyo ili umuogope kila mtu. Rudi nyumbani saa usiyotarajiwa, na mwambie mapema kwamba utafanya hivyo. Kamera ikiwepo aijue, na isielekezwe anapobadilishwa nguo. Pima uzito wa mtoto kila mwezi. Linganisha dawa zilizobaki na siku zilizopita, hasa zile zinazoleta usingizi. Chupa inayoisha mapema ina maswali ya kujibu. Michubuko mahali ambapo hajigongi, kukakamaa akisikia sauti fulani, usingizi usioelezeka: mtoe mtoto kwenye mikono hiyo leo, apimwe, mengine yafuate. Usisubiri ushahidi ukamilike ndipo uchukue hatua.

Hatua ya 9: Fundisha mtu wa pili mapema

Mlezi mmoja akiugua mafua hatakiwi kuja, na hatakaa nyumbani kama anajua bila yeye hakuna mtu. Tafuta wa pili mara tu wa kwanza anapozoea: shangazi, jirani, au mlezi wa familia nyingine ya kliniki mnayoweza kubadilishana naye. Sisi na familia moja tumefundishiana walezi, kila mmoja anajua mtoto wa mwenzake. Wa pili wetu huja Jumamosi moja kila mwezi, analisha, anatoa dawa, anafanya zoezi la mwanasesere na kutia sahihi kwenye daftari, hata mwezi ambao hatumhitaji.